Anaimba mabara yote saba, lakini kisiwa chake hakimo kwenye wimbo

Hebu jaribu kitu kidogo kabla hujaendelea kusoma. Weka simu kando, funga macho, kisha utaje kaunti zote 47 za Kenya.

Kama wewe ni kama mimi, ulianza na Mombasa kwa mbwembwe, ukapita Kwale na Kilifi, ukafika Garissa ukaanza kupunguza mwendo. Ukifika Isiolo unajikuna kichwa. Sasa mpe swali hilo hilo mtoto wa Gredi ya 3 aliyekaa na simu ya mamake likizo nzima. Atakuimbia zote bila kupumua, huku anapiga paja kuweka mdundo.

Nimemwona mmoja kwa macho yangu. Ni binti wa dada yangu, ana miaka minane, na anaishi Takawiri. Kama hujui Takawiri iko wapi, usione haya. Stori yenyewe ni hiyo.

Wacha nikupeleke

Kutoka Nairobi unapanda basi la usiku. Mnapita Narok, Bomet, Kisii na Rongo, na asubuhi mnaingia Homa Bay, halafu Mbita. Ukitaka kwenda Rusinga unavuka daraja tu. Ukitaka Takawiri unavua viatu, unakunja suruali, na unaingia kwenye boti la injini pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na kuku wa watu. Mbele yako, upande wa magharibi, Mfangano inajitokeza kama mgongo wa kiboko. Takawiri ni kale kadogo kalikojificha karibu nayo, kenye mchanga mweupe na minazi ufuoni mpaka mgeni anadhani amepotea akafika Diani.

Mimi ni mtoto wa Kayole. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya ada kukataa kabisa kupatikana, na kozi niliyokuwa nikisomea, usicheke, ilikuwa utalii. Yaani msee wa utalii ambaye alikuwa hajawahi kufika kwa dadake aliyeolewa visiwani. Nilienda Aprili, shule zikiwa zimefungwa, nikijua nitalala, nitakula ngege na nitapiga picha za kuwaringia watu wa mtaa.

Jioni ya kwanza mpwa wangu akanikalisha chini. "Nera, sikiza." Nera ni mjomba, ndugu ya mama, kwa Kijaluo. Akaniimbia mabara saba. Akaimba bahari kuu tano. Akaimba miji mikuu ya Afrika, mingine akiitamka kama mtu aliyezaliwa Texas. Halafu akafunga kazi na kaunti 47. Mimi nikapiga makofi, nikamwambia yeye ni profesa.

Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye ramani ya Kenya. Nikamuuliza, "Profesa, hebu nionyeshe hapa tuko wapi."

Akasimama mbele ya ile ramani. Kidole kikaenda huku, kikarudi kule. Kisha akaanza kuimba polepole kuanzia Mombasa, nambari moja, mpaka akafika nambari 43, Homa Bay. Ndipo akatafuta hizo herufi na kuzipata. Nikamwambia vizuri sana, na Takawiri je?

Kidole kikatoka kwenye rangi ya kaunti, kikaingia kwenye bluu. Kikasimama.

"Nera, hapa ni maji tu."

Nilitaka kucheka, lakini swali lililofuata likanizima. "Ama hatuko kwa ramani kwa sababu sisi si wa Kenya? Ndiyo maana walimshika baba?"

Mstari ambao hauonekani

Miezi michache kabla ya hapo, shemeji yangu alikuwa ziwani usiku akivua omena. Kama hujui, omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa umepotea, kwa taa zinazoelea ili samaki waje kwenye mwanga. Unafuata samaki, boti nalo linasukumwa na upepo na mawimbi, na hakuna kibao kinachokuambia karibu au kwaheri. Boti la doria likatokea. Akaambiwa amevuka mpaka. Nyavu zikaenda, injini ikaenda, na yeye akakaa ndani siku tatu mpaka familia ilipochanga pesa. Walikuwa maafisa wa nchi gani sitasema, na yeye mwenyewe husema kwamba usiku sare zote ni nyeusi.

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Karibu nusu ni ya Tanzania, na kubwa ya inayobaki ni ya Uganda. Yaani mvuvi wa Homa Bay au Migori anafanya kazi kwenye kipande chembamba kabisa cha maji hayo, na akisogea kidogo ameshaingia kwa jirani. Unakumbuka kelele za Migingo mwaka wa 2009, Kenya na Uganda zikivutana juu ya mwamba wa nusu ekari hivi? Watu wa mjini tuligeuza mambo hayo kuwa vichekesho. Huku visiwani ni swali la kama baba atarudi asubuhi.

Kwa hivyo mtoto alikuwa ameunganisha mambo mawili. Wimbo hautaji kisiwa chetu na ramani haikionyeshi. Baba naye ameshikwa kwa kuwa mahali asipotakiwa. Basi labda sisi ndio hatutakiwi. Ukiwa na miaka minane, hesabu hiyo inakubali kabisa.

Wimbo ni kamba

Usinielewe vibaya. Sipingi nyimbo. Nani alijifunza alfabeti bila kuimba? Mdundo na vina hushikilia maneno pamoja, na neno moja linavuta lingine. Ndiyo maana hata mzee aliyeacha shule zamani bado anaweza kukuimbia mikoa minane ya enzi zake, ingawa mikoa hiyo iliondoka na kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013.

Shida ni kwamba wimbo ni kama kamba. Unashika mwanzo, unavuta mpaka mwisho. Ramani nayo ni kama mkeka: unaweza kukaa popote na kuangalia pande zote. Mpwa wangu alikuwa na kamba ndefu sana ya majina lakini hakuwa na mkeka wa kuitandaza. Ndiyo maana ilibidi atoke Mombasa ndipo afike kwao.

Sasa nikupe siri ambayo mimi mwenyewe niliigundua nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda, miaka mingi baada ya mtihani wa jiografia kunitoa jasho. Zile nambari za kaunti hazikupangwa ovyo. Moja hadi sita ni Pwani, kutoka Mombasa hadi Taita Taveta. Saba hadi tisa ni Garissa, Wajir na Mandera, yaani unapanda mpaka wa Somalia. Kumi hadi 17 unashuka kutoka Marsabit hadi Makueni. Kutoka 18 hadi 22 uko Mlima Kenya na Nyandarua. Kutoka 23 hadi 36 unaanzia Turkana unateremka Bonde la Ufa mpaka Bomet. Kisha Magharibi, 37 hadi 40. Kisha Nyanza, 41 hadi 46. Halafu unarudi Nairobi, 47.

Umeona? Ni ile mikoa minane ya zamani imefichwa ndani ya nambari. Wimbo wa kaunti ni safari. Nilipomwambia mpwa wangu aimbe huku kidole kikitembea kwenye ramani, aliruka. "Kumbe Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori wanashikana mikono!" Ndiyo, 41, 42, 43, 44, zote zinagusa ziwa. Alikuwa ameimba hivyo mara elfu na hakuna mtu aliyemwambia.

Akili anaishi wapi?

Tukaja kwenye katuni. Nikamuuliza mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi. "Kilimanjaro," akajibu haraka, "ndiko kwao Akili."

Kama una mtoto nyumbani unamjua Akili. Ni yule msichana wa miaka minne kwenye katuni ya Akili and Me, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala anaingia Lala Land kucheza na wanyama. Inatengenezwa na Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 2013, ambalo mwaka uliofuata lilianza kurusha Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi yenye nyimbo kwa Kiswahili na Kiingereza. Akili hafundishi jiografia kwa kusema "leo tunasoma jiografia". Lakini mlima uko pale nyuma ya nyumba yao, na mtoto wa Takawiri ambaye hajawahi kuona mlima wenye theluji anajua uko Tanzania na una mwenyewe. Wale Tinga Tinga Tales pia, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilichukua rangi na michoro yake kwa wachoraji wa Tingatinga wa Dar. Mtoto anaona nyasi na jua la huku kwetu.

Sasa linganisha na zile katuni zingine kwenye simu. Mpwa wangu aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba mwaka una misimu minne na kwamba Januari ni wakati wa theluji. Nikamuuliza theluji ya Januari aliiona wapi. Akaonyesha simu. Yuko karibu kilomita 50 kusini mwa Ikweta, Januari kwao ni jua kali la kuanika omena, lakini katuni imemwambia avae glavu. Huyo aliyeichora alikuwa akiwachorea watoto wa kwao, na hilo si kosa lake. Kosa ni letu tunaompa mtoto simu na kuondoka.

Wimbo unazeeka

Kuna wimbo mmoja maarufu sana wa katuni ya Marekani, Animaniacs, ambapo mhusika Yakko anataja nchi za dunia kwa kasi ya ajabu mbele ya ramani. Ulitoka mwaka wa 1993. Ndani yake imo Chekoslovakia, nchi iliyokuwa imegawanyika kuwa mbili siku ya kwanza ya mwaka huo huo. Sudan Kusini haimo, kwa sababu ilizaliwa Julai 2011. Nao watoto bado wanauimba mpaka leo.

Hata ramani yenyewe inaweza kukudanganya. Ile ramani ya dunia tuliyoizoea, ya Mercator, inaonyesha Greenland ikitoshana na Afrika. Ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mercator aliichora mwaka wa 1569 kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo, na kwa kazi hiyo ilifaa. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka tuhamie ramani zinazotunza ukubwa halisi, kama ile ya Equal Earth iliyotoka 2018. Lakini fungua katuni yoyote ya watoto leo, uangalie ramani iliyo nyuma ya yule mwimbaji. Mara nyingi ni ile ile ya kale.

Kwa hivyo kabla hujamwekea mtoto wimbo, angalia ulitoka mwaka gani na unaimba dunia ya nani.

Leso, mawe na boksi la sabuni

Sasa rudi nami Takawiri. Siku ya tatu bando likaisha. Dukani lilikuwepo, pesa ndiyo haikuwepo. Mpwa wangu akaniuliza, "Basi tutengeneze yetu?"

Dada yangu akatupa leso yake ya bluu. Hiyo ikawa ziwa. Tukaokota mawe: kubwa likawa Mfangano, la wastani Rusinga, kadogo keupe Takawiri. Kutoka boksi la sabuni tukakata mashua. Nikafunga simu juu ya kigoda ikiangalia chini, nikaweka programu ya bure ya kuunganisha picha. Unapiga picha, unasogeza mashua kidogo kama upana wa kidole, unapiga nyingine. Picha nne kwa sekunde moja. Tulipiga picha 120, na tulipomaliza tulikuwa na katuni ya nusu dakika na maumivu ya mgongo ya wiki nzima.

Wimbo tukautunga sisi wenyewe, wa kuitikiana. Mimi kwa ujuaji wangu wa Kayole niliandika kwamba jua linazama ziwani. Dani, yaani nyanyake mtoto, alikuwa pembeni akichambua omena. Akasema bila kuinua kichwa, "Wewe kijana, jua la huku halizami majini. Linaenda nyuma ya Mfangano." Nikafuta. Halafu akauliza kwa nini wimbo hauna upepo. Mtu gani anajua njia ya ziwani bila upepo? Akatueleza: usiku upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani, mchana unatoka ziwani unarudi nchi kavu. Ndio uliokuwa ukiwapeleka na kuwarudisha wenye matanga kabla ya injini.

Hiyo ni jiografia ya kitabu kabisa. Nchi kavu inapoa haraka usiku kuliko maji, mchana inapata joto haraka kuliko maji, na upepo unatoka palipo na baridi kwenda palipo na joto. Nilisoma hayo kidato cha kwanza, nikayapita kwenye mtihani, nikayasahau. Dani hajaingia darasa hilo na hajayasahau. Wimbo ukawa hivi:

Jua linatoka wapi? Rusinga, Rusinga!
Jua linalala wapi? Mfangano, Mfangano!
Usiku upepo unaenda? Ziwani, ziwani!
Mchana upepo unarudi? Nyumbani, nyumbani!
Na sisi tuko wapi? Takawiri, katikati!

Najua, hauwezi kushinda tuzo yoyote. Lakini kufikia jioni watoto wa boma tatu walikuwa wanauimba, na kila mmoja alikuwa akinyoosha mkono upande sahihi. Hicho ndicho kitu ambacho wimbo wa kaunti haukuwa umewafanyia.

Uzi mwekundu

Mpwa wangu hakuwa amemaliza. Akaenda kwa cherehani ya mamake akarudi na uzi mwekundu, akautandaza juu ya leso, magharibi, mbali na mawe yetu. "Huu ni mstari," akasema. "Uliomshika baba."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Tangu arudi alikuwa hajazungumzia usiku ule na mtu yeyote, si mkewe wala mimi. Alikuja akachuchumaa. Akautazama ule uzi kwa muda, kisha akausogeza kwa kidole, upande mmoja ukaja karibu zaidi. "Uko hapa," akasema. Akachukua mashua ya boksi, akaiweka upande wetu. "Mimi nilidhani niko hapa." Akaisogeza, ikavuka uzi kwa upana wa kucha. "Kumbe nilikuwa hapa."

Basi. Hiyo ndiyo stori yote aliyotoa. Mtoto akauliza, "Kwa hivyo sisi ni wa Kenya?" Babake akamwambia ndiyo, sisi ni wa Kenya, hata kaburi la babu liko hapa. "Na samaki wanaujua huu uzi?" Hapo shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Siku hizi akienda ziwani anabeba simu ndani ya mfuko wa plastiki, ikiwa na ramani inayoonyesha alipo hata bila bando. Haimpi nyavu zake. Injini bado anakodisha. Lakini anajua uzi uko wapi.

Kwa hivyo wewe je?

Najua huna kisiwa. Pengine unaishi Pipeline ghorofa ya sita na mtoto wa kaka yako anaangalia katuni sebuleni wakati huu. Katika mtaala wa sasa watoto wanafika Gredi ya 4 ndipo wanasoma kaunti yao kwa kina. Usingoje. Leo jioni zima simu dakika tano, mpeleke dirishani, umuulize: jua limezama upande gani? Barabara hii inaenda wapi? Mto uliopita chini ya daraja unaitwaje, na unaishia wapi? Kama hujui, tafuteni pamoja. Halafu mtunge mistari mitano, iwe mibaya, haidhuru.

Baada ya hapo mrudishie nyimbo zake za mabara saba. Ataziimba vizuri zaidi, kwa sababu sasa kamba ina mahali pa kufungwa.

Ile katuni yetu ya leso haiko kwenye intaneti. Ilihama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, kwanza Takawiri, kisha nikasikia imefika Mfangano, ambako watoto waliikataa. Walisema jiwe lao tuliliweka kichwa chini miguu juu, na kwamba wanatengeneza yao.

Hata mimi nimefurahi. Tunaingoja.